Baridi ya Mawingu na Baridi ya Nyota

Kila mwaka ifikapo mwezi wa Julai, mtu akisimama asubuhi juu ya mteremko wa Loresho, upande wa magharibi wa Nairobi, haoni mbali. Mawingu yamekaa chini kama moshi wa jikoni, jua halitoki hata saa sita, na watu wanaokwenda kazini wamejifunga makoti na mitandio. Wakikuyu huyaita majira haya gathano. Katika siku hizo wakulima wengi hufika ofisini petu na swali moja: "Bwana Karani, je, baridi hii haitaunguza viazi vyetu huko juu?"

Nami huwajibu: "La, hii haitaviunguza. Iogopeni kwa sababu nyingine. Ile ya kuunguza huja wakati watu wamekwisha kuvua makoti."

Jibu hilo huwashangaza wengi, kwa hiyo nimeona yafaa kulieleza hapa kwa taratibu. Neno kubwa la somo letu ni hili: katika nchi zetu za milimani baridi ni mbili, wala si moja. Moja ni baridi ya mawingu, ya pili ni baridi ya nyota. Kila moja ina majira yake, dalili zake na dawa yake. Mkulima anayetumia dawa ya moja ili kuizuia ya pili hupata hasara. Nalijua neno hili kwa sababu hasara hiyo ilifika nyumbani kwetu.

HASARA YA NYUMBANI

Kazi yangu iko huku Loresho, lakini shamba la baba yangu liko Kinangop, chini ya milima ya Nyandarua, mahali palipo kama mita 2,500 juu ya usawa wa bahari. Shamba limeinama kidogo kuelekea kijibonde. Mchana upepo hupanda kutoka bondeni kwa nguvu, na ng'ombe za watu walikuwa wakiingia kwa njia hiyo hiyo. Basi baba alipanda ua wa sipresi upande wote wa chini, miti imebanana hata kuku hapenyi. Majirani waliusifu ua ule, na sisi tukajiona tumemaliza shida ya upepo.

Mwaka mmoja, mwezi wa Januari, viazi vilikuwa vinatoa maua. Baba alikuwa akivitazamia kwa karo ya mdogo wangu aliyekuwa akiingia sekondari. Asubuhi moja alipoamka aliona shamba limekuwa jeupe kama lililonyunyiziwa chumvi. Jua lilipopanda weupe ule ukayeyuka, na kufika saa sita majani yalikuwa meusi na yamelegea, kama yaliyomwagiwa maji ya moto. Nusu ya chini ya shamba, karibu na ua, haikubaki shina zima. Nusu ya juu ilikuwa kijani. Mpaka kati ya zilizokufa na zilizopona ulinyooka kana kwamba mtu amevuta kamba.

Baba alidhani ni baka jani, ule ugonjwa wa viazi, akatoa fedha ili nikanunue dawa ya kunyunyizia. Bahati njema Bwana Shamba alipita siku ile. Akatazama, akainama, akatembea mpaka kwenye ua, kisha akasema:

"Mzee, usinunue dawa. Hapa hapana ugonjwa. Usiku baridi iliteremka, ikafika kwenye ua wako, ikakosa njia ya kutokea."

Baba akamwuliza, "Kumbe baridi ina miguu, mwanangu?"

"Haina miguu, Mzee, lakini huteremka kama maji. Nawe umeijengea bwawa."

Neno lile la bwawa ndilo lililonifanya nijifunze habari hizi. Sasa na tuzitazame moja moja.

BARIDI YA MAWINGU

Kuanzia kama mwezi wa Mei mpaka Septemba, upepo wa kusi huvuma kutoka Bahari ya Hindi. Watu wa pwani wanaujua sana, maana wazee wao waliendesha majahazi kwa kusi na kaskazi. Katika miezi ya Juni, Julai na Agosti ni majira ya baridi katika nusu ya kusi ya dunia. Pengine hewa baridi kutoka bahari ya kusini hupita Afrika Kusini kwa ghafula, pamoja na upepo na mvua, na hewa ya nyuma yake husukumwa kuelekea kwetu. Ikifika huku imekwisha kupata joto la bahari njiani, lakini bado huuongezea nguvu upepo wa kusi.

Upepo huo ukifika bara hupanda miteremko ya milima yetu. Hewa ikipanda hupoa, na ikipoa, maji yaliyomo ndani yake hugeuka mawingu. Juu ya mawingu hayo kuna tabaka la hewa yenye joto zaidi linaloyakalia kama kifuniko cha sufuria, kwa hiyo hayapandi kuwa mvua kubwa, wala hayaondoki upesi. Ndiyo maana Nairobi, Kiambu na Limuru hukaa siku nyingi pasipo jua. Joto la mchana wa Julai katika Nairobi huwa kama digrii 21 au 22 tu.

Lakini ndugu mkulima, angalia jambo hili. Mawingu yale yale yanayozuia jua mchana huifunika nchi usiku kama blanketi. Joto la udongo halipotei mbinguni. Kwa hiyo usiku wa gathano una baridi ya kutetemesha watu, lakini ni nadra kuleta jalidi.

Hatari ya baridi hii ni unyevu. Majani hukaa na maji tangu jioni mpaka mchana wa pili. Huo ndio wakati baka jani linapoenea kwa haraka katika viazi na nyanya. Ugonjwa huo si wa kuchezea. Ndio ulioangamiza viazi vya Ireland kuanzia mwaka 1845, na katika miaka iliyofuata watu kama milioni moja walikufa. Katika mikahawa ya sehemu za juu, ubaridi wenye unyevu husaidia ugonjwa wa chulebuni unaoozesha buni changa. Ugonjwa huu uligunduliwa kwanza Kenya mwaka 1922. Tena ndama na vifaranga hupatwa na kichomi wakilala mahali penye maji na upepo.

Dawa za baridi ya mawingu ni hizi:

1. Panda kwa nafasi ya kutosha ili hewa ipite kati ya mimea na majani yakauke.

2. Pogoa mikahawa ili mwanga na hewa viingie ndani. Mwenye kupanda mikahawa mipya na achague aina zinazostahimili chulebuni, kama Ruiru 11 iliyotolewa mwaka 1985.

3. Nyunyizia viazi dawa ya kuzuia kabla ugonjwa haujaonekana, kwa kipimo alichokuonyesha Bwana Shamba. Ukingoja madoa yaenee umechelewa.

4. Banda la ndama liwe na sakafu kavu na ukuta upande wa upepo. Usizibe kila tundu, maana hewa chafu huleta kichomi pia.

Na hapa nina onyo kwa watu pia. Usilale na jiko la makaa ndani ya nyumba iliyofungwa. Hewa ya sumu itokayo katika makaa haina rangi wala harufu, na aliyelala haamki. Toa jiko nje kabla ya kulala, hata kama linaonekana limezimika.

BARIDI YA NYOTA

Sasa tuje kwenye baridi ya pili. Mwezi wa Desemba upepo wa kaskazi huwa umechukua mahali pa kusi. Huja kutoka upande wa Uarabuni na Somalia, nao ni mkavu. Mawingu huondoka, na mchana wa Januari na Februari jua ni kali. Watu husema, "Baridi imekwisha." Kumbe ile ya kuunguza ndiyo inaingia.

Sababu yake ni rahisi. Mchana udongo hupokea joto la jua. Usiku huanza kulirudisha juu. Kama hakuna mawingu, na hewa ni kavu, joto hilo hupotea moja kwa moja. Udongo na majani hupoa kuliko hewa iliyo juu yake, na hewa inayoyagusa hupoa pia. Hewa baridi ni nzito kuliko hewa ya joto, kwa hiyo huteremka polepole, ikifuata miinuko na mabonde, kama maji yafuatavyo mfereji. Ikifika mahali pa chini pasipo mlango hukusanyika, ikazidi kupoa. Ikishuka mpaka sifuri, umande huganda juu ya majani. Hiyo ndiyo jalidi, ambayo wengine huiita sakitu. Maji yaliyo ndani ya jani la kiazi nayo huganda, ukuta wa jani hupasuka, na jani hufa.

Urefu wa mahali pia ni jambo kubwa. Kwa kukisia, kila mita 1,000 unazopanda joto hupungua kama digrii 6. Loresho iko kama mita 1,800, na Kinangop kama mita 2,500. Basi Kinangop ina upungufu wa digrii 4 hivi hata kabla hatujahesabu bonde. Ndiyo sababu mkulima wa Loresho huhesabu jalidi kuwa hadithi, na ndugu yake wa Nyandarua huihesabu katika magunia. Sehemu za chai nazo hazisalimiki. Mwezi wa Januari 2012 jalidi iliunguza majani ya chai katika sehemu za Kericho na Nandi, na wachumaji wakakosa la kuchuma.

MAJIRANI ZETU NA WATU WA MBALI

Mtu anaweza kusema, "Basi nikumbuke tu mwezi wa Januari." Hapana. Usishike kalenda, shika anga. Tazama Tanzania, katika nyanda za juu za kusini, kama Makete na uwanda wa Kitulo. Huko jalidi huanguka Juni mpaka Agosti, miezi ile ile ya gathano yetu! Kwa nini? Kwa sababu kwao miezi hiyo ni ya kiangazi, na usiku mwingi anga huwa wazi. Mwezi ni mmoja, na kusi ni ile ile, lakini sisi tumefunikwa blanketi na wao wamelala wazi.

Katika Ulaya hali hii huonekana mwanzoni mwa majira ya kuchipua. Hewa baridi ya kaskazini huingia kwa mkupuo, mbele yake kuna upepo mkali, mawingu na mvua. Watu hudhani mabaya yamepita upepo unapotulia. Lakini anga likisafika nyuma yake, na upepo ukikoma usiku, jalidi huanguka juu ya maua. Mwezi wa Aprili 2021 wakulima wa Ufaransa waliwasha mishumaa mikubwa na mioto kati ya mizabibu yao usiku kucha, na bado wengi walipoteza mavuno. Sisi hatuna majira ya kuchipua kama yao, lakini fundisho ni letu sote: upepo hutisha kwa kelele, na jalidi huja kwa kimya.

DALILI ZA JIONI

Usiku wa jalidi hutangulizwa na dalili. Jioni tazama mambo haya manne:

1. Anga ni wazi, na nyota zinang'aa sana.

2. Upepo uliovuma mchana umekufa jua lilipotua.

3. Hewa ya mchana ilikuwa kavu.

4. Baridi imeingia upesi mara baada ya jua kutua, hasa bondeni.

Zikikutana zote nne, usilale bila kufanya kazi. Kama upepo unaendelea kuvuma usiku, hatari ni ndogo, maana upepo huchanganya hewa ya chini na ile ya juu yenye joto.

Sikiliza pia habari za Idara ya Hali ya Hewa, yenye makao makuu Dagoretti Corner. Lakini jua namna ya kuzisoma. Kipima joto cha kituo huwekwa ndani ya kisanduku cheupe, kama mita moja na robo juu ya ardhi. Usiku wa anga wazi majani yaliyo chini yanaweza kuwa na baridi zaidi kwa digrii 3 au hata 5. Basi ukisikia digrii 3, usijidanganye kwamba sifuri iko mbali. Nunua kipima joto kidogo, ukifunge kwenye kijiti karibu na ardhi mahali pa chini kabisa pa shamba, ukisome alfajiri. Asubuhi nyingine kipeleke mahali pa juu. Baada ya wiki chache utajua shamba lako kuliko mgeni yeyote.

KAZI YA KUFANYA

Kwanza, chagua mahali. Viazi, maharagwe, nyanya na miche ya chai visipandwe katika shimo la baridi. Panda mteremkoni. Mahali pa chini panda kabeji, sukuma wiki, karoti au shayiri za mifugo, ambazo huvumilia.

Pili, fungua njia ya hewa. Kama una ua upande wa chini, acha mlango mpana mahali palipo chini zaidi, ukate na matawi ya chini ya miti. Upande wa juu ni kinyume chake, maana ua mnene huko huweza kuigeuza hewa baridi ipite kando, kama mfereji unavyogeuza maji ya mvua.

Tatu, tia udongo maji mchana kabla ya usiku wa hatari. Udongo wenye maji na ulioshikamana hutunza joto na kulitoa usiku polepole. Nyasi za kufunika udongo ni nzuri kwa kutunza unyevu, lakini huzuia joto la udongo lisifike kwenye majani. Kama una nyasi kati ya mistari wakati wa jalidi, zisogeze kando.

Nne, funika miche kwa majani makavu, magunia au vikapu kabla ya jua kutua, ukaifunue asubuhi. Plastiki isiguse jani, maana linapoguswa nalo huungua.

Tano, usitumainie moshi. Wengi huchoma majani mabichi au magurudumu ili shamba lifunikwe na moshi. Moshi haufanyi kazi ya mawingu, na ule wa magurudumu ni sumu. Linalosaidia ni joto la mioto mingi midogo, nalo hugharimu kuni nyingi.

Sita, jalidi ikikwisha kupiga, usikate wala kung'oa siku ile ile. Ngoja uone mahali penye uhai. Kiazi kilichopandiwa udongo vizuri huweza kuchipua tena kutoka chini. Na usinyunyizie dawa ya ugonjwa juu ya jani lililokufa kwa baridi. Utatupa fedha bure.

HABARI YA UPEPO

Je, tuache kuzuia upepo? La. Upepo mkavu huvunja mahindi, hukausha udongo na kupunguza maziwa. Miti ya kukinga upepo husaidia sana. Mstari wa miti ya mita 10 hukinga shamba kwa kiasi cha mita 100 upande wa pili. Lakini kinga njema si ukuta. Ukuta huurusha upepo juu, nao huanguka nyuma yake kwa nguvu na kuzunguka. Kinga njema huruhusu karibu nusu ya upepo kupita, ukiwa umechoka. Mti wa grevilea, ambao Wakikuyu huuita mukima, unafaa kwa kazi hii. Mkaratusi usiuweke karibu na mimea, maana hunywa maji mengi.

Tena tusiilaumu baridi kwa kila jambo. Pareto hutaka usiku wa baridi ndipo itoe maua mengi, na miti kama mitufaha hutaka ubaridi ndipo ichanue vizuri. Mkulima wa milimani hana haja ya kuikimbia baridi, bali aijue njia yake.

MWISHO WA HABARI YA BABA

Baba alikata mlango wa hatua nane katika ua wake, mahali pa chini kabisa, akaweka seng'enge ili ng'ombe wasipite. Akapunguza miti mingine, akakata matawi ya chini. Viazi akavipandisha mteremkoni, na penye shimo akatia kabeji na shayiri za ng'ombe. Mdogo wangu alichelewa muhula mmoja kuingia sekondari, kisha akaingia. Jalidi imerudi mara kadhaa tangu hapo, na mara nyingine imeunguza mistari michache, lakini haijapata tena mahali pa kulala. Jioni ya Januari, nyota zikianza kung'aa, baba hutoka nje na kuusimamisha mkono wake penye ule mlango. Akisikia hewa ikipita vidoleni husema, "Nenda salama," kisha huingia ndani kulala.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini jalidi ni nadra katika Kiambu mwezi wa Julai, lakini huanguka Kitulo mwezi huo huo?

2. Majani ya viazi yamekuwa meusi. Utajuaje kama ni baka jani au ni jalidi? (Tazama yalianza lini, usiku mmoja au siku kadhaa, na mahali gani pa shamba.)

3. Nenda katika shamba lako jioni ya leo. Kama hewa ingekuwa maji, yangekusanyika wapi? Chora mahali hapo katika karatasi, umwonyeshe Bwana Shamba kabla ya kupanda.